Nundu ya Damu

Kila baada ya miezi mitatu Fermina Yucra
hupanda ngazi za zahanati, ngazi kumi na mbili,
hupumzika mara tatu,
hukunja mikono ya sweta nne, moja juu ya nyingine,
akanipa mshipa.

Midomo, ungedhani katoka kula zambarau.
Vidole vimevimba nchani, vijiti vya ngoma.
Nikimuuliza analalaje, hujibu:
"Kama mlinzi. Nikisahau kuvuta pumzi,
mwili unanigonga."

Alikuja na lori la viazi, miaka ishirini na sita nyuma,
msichana wa bondeni. Siku tatu akatapika.
Mwili ukaipima hewa ya huku mgodini,
ukakuta nusu kibaba.
Haukulalamika. Uliingia mifupani, kwenye uboho,
ukaamuru: ongezeni wachukuzi.
Siku ya nne akanywa supu.
Siku ya kumi alikuwa na nyundo mlimani,
akichambua mawe waliyotupa wanaume
(mwanamke haingii shimoni, eti dhahabu ina wivu).

Nani aulaumu mwili huo?
Ulifanya ulichoombwa.
Ila hakuna aliyeuambia basi.
Wachukuzi wakazidi mizigo,
wakajazana bega kwa bega
hadi njia yenyewe ikaziba.

Damu nzito kuliko maji, husemwa.
Ya Fermina nzito kuliko uji.
Inashuka mrijani nyeusi, taratibu,
kama deni linalolipwa na asiyetaka.

Na Basilia, mdogo wake,
tumbo moja, lori moja, miaka ile ile:
midomo myekundu, anapanda mlima akipiga soga.
Nimempima mara mbili, nikidhani mashine imekosea.
Daktari mmoja alikuja kutoka Arequipa kumchunguza,
akaandika, akatikisa kichwa,
akashuka na kipandauso.

Ng'ombe haelemewi na nunduye.
Sawa, lakini huyo kazaliwa nayo.

"Shuka," namwambia Fermina. "Mwanao yuko Camaná, pwani.
Damu itajipunguza yenyewe."
Alishuka mara moja, nusu mwezi tu.
Anasema hewa ya kule nene, tamu mno,
unaweza kuipaka kwenye mkate.
Alilala kama gogo,
akaamka katikati ya usiku ameshika kifua:
hakuna aliyekuwa akimgonga.
Asubuhi akatafuta lori.

Leo chupa imejaa, nusu lita.
Nabana mpira, naweka pamba.
Rangi inamrudia kwa mashaka, mashavuni kwanza.
"Sasa nasikia mbwa wanabweka," anasema,
"kumbe walikuwepo."

Anashusha sweta: moja, mbili, tatu,
ya nne inakwama kwenye bandeji, tunacheka.
Nyundo ameiacha mlangoni, anaiokota.
Namtazama akihesabu ngazi kwa mguu,
na huko ndani, mfupani,
najua amri imeshatoka.