Birika Chini ya Koti

Dukani kwa Yovanka, mtaa wa chini, Coyhaique,
baba aliingia na birika chini ya koti
kama mtu aliyeiba kuku.
Nje, Julai ilikuwa imelalia bonde
na moshi wa nyumba zote umebanwa chini yake,
haupandi, hausogei,
mzito kama blanketi la mgonjwa.
Redio ilisema tangu alfajiri: leo ni siku ya katazo,
bomba lisitoe moshi hadi saa sita ya usiku.

Eluney, mjukuu, alikuwa na filimbi kifuani.
Ndiyo sababu tulikuja. Baba hakusema hivyo.
Alisema, "Nimekuja kutazama tu."

La kwanza hula punje za vumbi la mbao,
safi kama zahanati, ila lina waya,
na theluji ya kwetu
kitu cha kwanza inachokata ni umeme.
La pili ni la kuni, lina hewa mara mbili:
moja ya kuwasha,
nyingine hupita juu, ikauchoma moshi
kabla haujauona mlango.
"Moshi ni kuni zisizoiva, Don Belarmino.
Ni pesa yako inayopanda bombani."
Yovanka akatoa cheti, akataja gramu kwa saa.
Baba akaitikia kwa kichwa
kama anayesikiliza mahubiri ya dhehebu jingine.

Kisha akafungua koti.
Birika juu ya la kwanza: likateleza.
Juu ya la pili, lenye mgongo wa mviringo:
likainama, kifuniko kikalia.
"Hili linampasha nani?" akauliza. "Kuta?"

Nilimwonea haya, halafu sikumwonea.
Jiko la nyumbani alilichomelea mwenyewe
kwa pipa la dizeli, mwaka niliozaliwa,
na juu yake birika halijawahi kupoa
ila zile siku tatu za msiba wa mama.

Kona ya nyuma, karibu na mifagio,
lilikuwepo la tatu: fupi, jeusi,
hewa mara mbili, cheti kile kile,
na paji la uso bapa.
Birika likakaa.
Baba akaondoa mkono polepole
kama anayemwacha mtoto asimame dede.

"Lakini kuni," alisema Yovanka.
Akatufuata hadi kwenye gari letu,
akachoma gogo kwa kidude cha meno mawili.
Thelathini na nane.
"Ni maji haya. Yashushe hadi ishirini,
la sivyo hata hili litakuaibisha."
Miaka arobaini baba amenunua lenga kwa mkopo,
mti ungali unatokwa machozi,
na kila baridi tukayasikia yakichemka motoni
tukadhani ndiyo sauti ya moto.

Kwa hiyo tulingoja. Akajenga kibanda,
akapanga magogo, akaacha nafasi za upepo kupita,
kiangazi kizima akiyachoma meno yale
kama daktari asiyeamini kipimo.

Juni, aliwasha.
Akatoka kutazama bomba. Akarudi. Akatoka tena.
"Limezimika."
Ndani, nyuma ya kioo, moto ulijikunjakunja
bila haraka, bila kuomba msaada.
Pafukapo moshi pana moto, tunajua.
Pasipofuka je?

Usiku mlango ukagongwa.
Fresia, jirani, ndara kwenye theluji, kurunzi mkononi:
"Nimeona bomba lenu kimya.
Nikajua umekufa."

Baba alimvutia kiti, akammiminia chai chungu.
Eluney alikuwa amelala, kifua kimya,
sikuthubutu kulitaja hilo kwa sauti.
Dirishani, bomba la Fresia
lilikuwa likimwaga moshi mnene juu ya paa letu.
Baba aliutazama muda mrefu.
Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za kuku:
"Hivi birika lako, Fresia,
kitako chake kina upana gani?"