Pembe ya Nane

Nilimpa Delmar kipande kisichozidi stempu,
cha buluu, chenye cheri mbili mbili kwenye kikonyo kimoja;
nikakitia mwenyewe mfukoni mwa shati lake, nikafunga kifungo.
"Gunia lenye hiki," nikamwambia. "Si linalofanana nacho. Hiki."
Akaenda mjini kununua chakula cha kuku.

Mwaka huo Kansas nzima ilikuwa imehamia hewani.
Tulitundika shuka zilizoloa madirishani,
zikawa udongo kabla ya saa sita.
Sahani tulizipanga mezani kifudifudi,
na mkate tuliula na mchanga wake.

Wanawake wa kanisani tulikubaliana: kila mtu nyota moja,
inchi kumi na mbili kwa kumi na mbili,
jina lako katikati kwa uzi mwekundu,
tuziunge ziwe mfarishi wa Ilse Brandvold
kabla lori lao halijashika njia ya California.
Ilse hakuambiwa. Ilse alijua.
Nani asingejua, kila akibisha hodi
anasikia mikasi ikitupwa kapuni?

Nyota yangu ilibakiza pembe moja.
Saba nilikwisha kuzikata katika magunia ya mwaka juzi,
wakati kuku walikuwa wengi
na hatukuwa tukiwataja kwa majina.

Nyota hii ni hesabu, si sala:
mraba wa katikati, miraba minne ya kona,
na pembetatu zilizokatwa mshazari
ambazo ukizivuta kidogo tu zinarefuka kama uongo.
Mshono, robo inchi. Ukizidisha unywele
umeikata nyota ncha, imebaki butu
kama penseli ya mtoto mvivu.
Mama aliwahi kunifumulisha moja mara nne,
akivuta uzi kwa meno bila kunitazama;
mara ya tano akasema, "Hiyo itapita gizani."

Delmar akarudi jioni, gunia begani.
Kahawia.
Nanga. Nanga nyeupe, ndogo ndogo,
juu ya kahawia ya maji ya kuoshea vyombo.
Mtu ambaye maji mengi kuliko yote aliyopata kuyaona
ni ya birika la kunyweshea ng'ombe
ameniletea nanga.

"Cheri zilikuwa chini kabisa," akasema.
"Bwana Tuttle amehamisha magunia thelathini,
mgongo ukamkatalia. Nikaona haya kumwambia aendelee."
Na kipande changu? Akafungua kifungo.
Kilikuwa kimekwisha kugeuka rangi ya mfuko.

Sikusema neno. Sufuria zilinisemea.

Usiku nikalifua gunia mara mbili,
nikalipiga pasi likingali na unyevu,
nikaweka nanga kando ya cheri. Nikaiondoa.
Nikairudisha. Taa ikaanza kuishiwa mafuta,
nami nikakata kwa sababu ya taa.

Ilikaa vibaya. Niseme kweli, ilikaa vibaya:
saba zinaimba, moja inakohoa.
Lakini ncha yake ilikuwa kali, ingechoma kidole;
robo inchi ile ile, haidai, haidaiwi.

Jumapili tukatandaza nyota ishirini juu ya mabenchi.
Hakuna aliyecheka. Bibi Stroud alivua miwani,
akaifuta, akaivaa tena, akanyamaza.
Ilse akaingia kabla ya wakati, kofia kichwani,
akazipita nyota moja moja
kama mtu anayetafuta koti lake kwenye misumari,
akaweka kidole kwenye nanga.
"Hii ya Orpha," akasema, wala hakusoma jina.
"Delmar ndiye aliyekwenda dukani."

Nilicheka hadi subana ikanichomoka,
ikabingirika chini ya kinanda,
na kwa kuwa Ilse alikuwa amenishika mikono yote miwili
sikuinama kuitafuta.

Waliondoka Jumanne.
Kitambaa kilichobaki nilimshonea Delmar shati.
Hulivaa akienda kuwalisha kuku, ambao sasa ni saba,
na mfuko wake, ingawa hauna kitu,
huufunga kifungo.