Makadirio ya Mnato, Tangi Namba Nne

Mhandisi Mntangi,
umeniagiza namba moja kabla ya saa nne,
kwa wino, isiyo na "labda" ndani yake.
Pampu imeshafika kutoka bandarini.
Wenye pampu wamekaa kivulini
wanalipwa kwa saa.

Nimechota sampuli tatu.
Ya juu ni nyeusi, inateleza.
Ya katikati ina rangi ya chai ya maziwa iliyolala.
Ya chini, Saguti aliinamisha chupa,
tukahesabu hadi kumi na tisa
ndipo ikakumbuka kwamba nayo ni kimiminika.

Wanaosema mafuta na maji hayakai pamoja
hawajakamua nazi.
Mama yangu, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
huchovya mwiko kwenye tui la kwanza,
huugeuza mgongo, huchora mstari kwa kidole.
Mstari ukikaa, wali utanoga.
Ukifumba, anarudi kwenye mbuzi
na nazi nyingine.

Mimi nina mrija wa kioo na gololi ya chuma.
Naiachia. Inashuka
kama karani anayejua una haraka.
Sekunde arobaini na moja.
Tena: thelathini na tano.
Tena: ishirini na tisa.
Saguti akaniangalia saa mkononi.
Saa haina kosa. Uji huu ukisumbuliwa hulegea,
ukiachwa hununa upya.

Kanuni ya kitabuni ni fupi, naipenda:
moja, jumlisha mbili na nusu mara sehemu ya maji,
zidisha kwa mnato wa mafuta.
Lakini hiyo ni ya matone machache yasiyojuana.
Humu ni Ngamiani siku ya mkesha wa Idi.
Kwenye thelathini kwa mia yanapishana kwa mabega.
Kwenye hamsini hayapishani,
yanabonyezana, kila moja ndani ya ngozi yake ya nta,
hakuna linalokubali kumezwa na jirani.
Na maji, mepesi vile,
ndiyo yanayoyafanya mafuta kuwa bokoboko.

Halafu kuna mahali,
sitini na tano? sabini?
Ongeza kikombe kimoja tu
na mwenye nyumba anageuka mpangaji:
mafuta yanakuwa matone, maji yanakuwa ukumbi,
na uzito wote unaporomoka
ukawa maji ya kuoshea masufuria.
Hatua moja kabla ya hapo, pampu yako itakwama.
Hatua moja baada, hata ndoo ingetosha.
Tangi namba nne limesimama
mguu huku, mguu kule.

Kwa hiyo andika: elfu mbili na mia nne, sentipoizi,
kwa asubuhi hii, kabla jua la Gofu halijapasha bati,
kwa sampuli ya katikati,
kwa mkono wangu.
Saa saba mchana nitakuwa nimekudanganya.

Jana Mama aliniuliza huku kazini nafanya nini hasa.
Nikamwambia, nakisia uzito wa tui,
tui la mafuta machafu ya meli.
Akakung'uta kifumbu.
"Na wanakulipa?"

Wape wenye pampu chai.
Waanze taratibu, wakoroge kwanza,
na mtu mmoja asimame kwenye bomba, asikilize.

Mwanaisha Semkiwa,
maabara.