Kumi na Nne: Imefutwa

Walimu wakuu wanane
katika chumba cha nyuma cha hoteli ya stesheni,
Desemba, theluji imezuia treni,
na ugomvi wao mmoja tu:
mshambuliaji wa shule ya Pruitt
ana masharubu, na mke.
Umri miaka ishirini na sita, bado "mwanafunzi",
huingia darasani Ijumaa asubuhi
na jioni huondoka na ushindi.
Usiku huo ikazaliwa Kanuni ya Kwanza, ya umri,
na shirikisho likazaliwa likiwa limeishika mkononi.

Mimi nilikuja baadaye sana, kupiga chapa.
Kila Julai toleo jipya, jalada la kijani,
miaka thelathini na mmoja,
na nakuambia, hakuna kanuni iliyodondoka mbinguni.
Ndani ya kila moja kuna mtoto.

Ya Sita, ya maji mazoezini mwezi Agosti,
huyo ni Delmer Stuckey, mlinzi, mwili kama ghala,
aliyeambiwa kiu ni uoga.
Mama yake alileta kofia yake ngumu ofisini,
akaiweka juu ya meza, hakusema neno.
Akasahau mkoba. Akaurudia.
Bado hakusema.

Ya Kumi na Moja imeandikwa mara mbili.
Mwaka wa ishirini na tano wasichana walipigwa marufuku
kwa ushauri wa daktari
(wa meno; nimesoma kumbukumbu)
kwamba mbio hukausha uzazi.
Wilhelmina Oakes alifunga vikapu kumi na tisa
katika mechi ile ya mwisho,
kisha akazaa watoto tisa,
na mjukuu wake akacheza fainali mwaka wa sabini na nne
kwa jezi ya kaka yake,
namba imeshonwa kwa uzi usiofanana.

Lakini nilitaka uone hapa.

Kumi na tatu: Uhamisho.
Kumi na nne: Imefutwa.
Kumi na tano: Viatu.

Neno moja. Nimelichapa mara thelathini na moja.
Kabla halijafutwa, palisema
wanachama watakuwa shule za wazungu.
Mstari mmoja, bila hasira,
kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Basi wenzetu wakaunda la kwao.
Hazina yao kopo la biskuti,
katibu wao Cleophus Tarrant, mwalimu wa hesabu,
aliyeandika ratiba nyuma ya karatasi za mitihani.
Gaines Hill walishinda misimu mitatu mfululizo.
Je, wangetushinda sisi?
Hakuna ajuaye. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na ule mstari.

Mwaka wa hamsini na sita "tuliungana".
Kijito hakiungani na mto, humezwa.
Shule ya Gaines Hill ilifungwa,
Tarrant akapewa kazi ya kukagua tiketi mlangoni,
na vikombe vyao vikaenda nisikokujua,
isipokuwa kimoja, nilichokikuta mwaka wangu wa pili
kikizuia mlango wa chumba cha tanuri usijifunge.

Sasa yupo kijana wa kompyuta, Tanner,
mpole, hula tufaha mpaka mbegu.
Ananiuliza: tusogeze namba?
Kumi na tano iwe kumi na nne,
kitabu kipendeze.

Nikamwambia, mtu hatazami alipoangukia tu,
hutazama na alipojikwaa,
na hapo ndipo.
Acha namba. Acha na neno.

Akaacha. Akatafuna kidogo,
akauliza mlango wa tanuri siku hizi unazuiwa na nini.

Tofali, nikasema.

Kikombe kiko mezani pangu, kimejaa kalamu.
Nimekisugua mpaka jina linasomeka.
Miaka ishirini na tisa
nasema wiki ijayo nitawatafuta wenyewe.