Kizibao cha Magamba

Swali lilikuwa moja, na kalamu ilikuwa tayari:
"Siku hiyo ulivaa nini?"
Nikataja sketi ya kaki, sweta la dada, malapa ya bluu.
Akaandika malapa kwanza.

Miaka kumi na mmoja baadaye, Mwaloni, Kirumba,
naokota magamba ya sangara chini ya meza za wapaa samaki,
mapana kama sarafu, mengine kama ukucha wa gumba.
"Dada, hizo takataka," ananicheka mwenye kisu.
Ndiyo. Nijazie ndoo.

Huoshwa maji saba. Majivu, ndimu, majivu tena.
Hulala juu ya bati la Igogo hadi yajikunje kama masikio,
kisha sindano ya moto:
tundu moja, tss,
harufu ya nywele zilizoungua.

Nimeliwaza sana hili neno.
Samaki huvuliwa.
Nguo huvuliwa.
Lugha yetu haikuona haja ya neno la pili.
Na sangara huzaliwa amevaa deraya,
safu juu ya safu, toka shingoni hadi mkiani,
wala hakuna aliyemuuliza alivaa nini
alipovuliwa.

Nikakata kizibao kutoka gunia la unga.
Jumamosi nikaacha mlango wazi.
Sharti: haulizwi mtu.
Unashona gamba lako, unakunywa uji, unakwenda.

Minza alishona moja, akalikata, akalishona tena palepale.
Kwandu, anayeanika dagaa Igombe, alishona arobaini
bila kuinua kichwa. Uzi ukaisha. Akaomba mwingine.
Mmoja alitoka kisiwani, sikitaji kisiwa:
"Kwetu samaki hauzwi kwa fedha peke yake."
Lake likaenda kwapani.
Masanja, fundi cherehani wa jirani, mwenye ndevu za kuhesabika,
alikuja kuazima mkasi.
Akasimama.
Akachagua gamba dogo kuliko yote, akalishona kwenye kola,
akaondoka bila mkasi.

Na Bibi Ng'washi, miaka sabini na mmoja,
alikigeuza kizibao ndani nje.
"Langu lisionekane. Limguse tu atakayevaa."
Mkono wake haukutetemeka.
Kisha akauliza kama kwenye uji kuna sukari.

Jumatatu nikakivaa, nikashika njia ya Makoroboi.
Kinalia kila hatua, kama mvua inayojaribu bati
kabla haijaamua kunyesha.
Muuza machungwa akasema kinanuka.
Kinanuka, ndiyo; nimekiosha maji saba.
Mama mmoja akashika ukingo:
"Shanga gani hizi? Nazitaka, nina sendofu ya binti yangu."
Nikamweleza.
Mkono wake haukuondoka. Ulibaki pale,
kidole kimoja juu ya gamba moja,
na foleni ya pikipiki ikatupigia honi sote wawili.

Kituoni, benchi ni lilelile, limepakwa rangi.
Askari ni mpya, binti mpole, ana kikombe cha chai.
"Nikusaidie nini?"
Nikasema: hapa niliulizwa nilivaa nini.
Nimekuja kujibu.
Aliitafuta kalamu muda mrefu.
Ilikuwa mkononi mwake.

Jioni nilikivua.
Mimi mwenyewe, kifungo baada ya kifungo,
taa ikiwaka, mlango nimeufunga kwa ufunguo wangu.
Nikakitundika msumarini, kikaendelea kulia kidogo peke yake.
Chini ya titi la kushoto palikuwa na alama nyekundu,
nusu mwezi, pale gamba la Bibi liliposugua
kutwa nzima, toka Kirumba mpaka mjini na kurudi,
wakati watu wakiyasifia yanayong'aa.

Koleo ninayo. Ningeweza kulikunja ncha.
Nimeirudisha kwenye droo,
juu ya mkasi wa Masanja.