Ijumaa Ipi

Tulipomaliza kufukia, mchanga ungali viganjani,
imamu akauliza, kama iulizwavyo:
Nani anamdai marehemu? Ajitokeze.

Kimya. Punda mmoja nyuma ya ukuta, basi.
Kisha Shee Kupi, mwenye duka la Langoni,
akainua mkono kama mwanafunzi aliyechelewa.
"Si pesa," akasema. "Ni daftari.
La babu yangu. Alilichukua mwaka wa themanini na saba,
akaapa atalirudisha Ijumaa.
Hakunambia Ijumaa ipi."

Watu wakacheka makaburini, wakaona haya,
wakacheka tena.
Mimi sikucheka. Daftari lile nalijua.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni tulimngoja ukumbini,
kalamu tayari kwa masultani na mizinga.
Profesa Famau Bunu akaingia na mfuko wa plastiki,
akatoa kitu kilicholiwa na mchwa pembeni, akasoma:
"Mwana Esha binti Athmani. Mtama pishi moja,
ndimu tano, nusu kidonge cha uzi mweusi.
Atalipa mumewe akirudi."
Akavua miwani. "Alirudi?"

Saa nzima ikaishia humo.
Uzi mweusi wa kushonea nini? Kwa nini nusu?
Ni nani mjini aliyeaminiwa, na kwa kipimo gani?
Wafalme, alisema, wana wa kuwasemea.

Nikaandika insha, kurasa kumi na moja,
nikamwua yule mume kwa homa, ugenini,
maana ilipendeza.
Ikarudi na neno moja la kalamu ya risasi,
kwa lugha ya kwao, ya Amu:
Umeyuaye?
Alama nilizopata nimezisahau.

Siku ya tatu, khitma imekwisha kusomwa,
dada yake, Bi Zuena, akanipa ufunguo.
Katika zidaka, wenzake walikopanga sahani za kale,
yeye alipanga risiti za maji, kadi za harusi,
karatasi za dawa zilizokunjwa mara nne.
Makubadhi yake mlangoni, moja limelalia jingine.

Bi Zuena asema alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri.
Nesi ameandika saa kumi na mbili na dakika ishirini.
Jirani aapa alimsikia akikohoa jua limeshatoka.
Na kitambulisho chasema alizaliwa tarehe mosi Januari,
kama nusu ya mji huu.
Nikasimama katikati ya chumba na mashahidi wangu watatu,
nikasikia, wallahi, kidole kikigonga meza.

Daftari lilikuwa chini ya mto, ndani ya kikoi.
Kila jina lina kikaratasi: kaolewa wapi, kazikwa wapi,
nani kasema, siku gani.
Mwana Esha ana saba.
Cha mwisho ni cha mwaka huu, herufi zinatetemeka:
"Deni limepigwa mstari. Kwa mkono mwingine. Wa nani?"

Nikalipeleka Langoni.
Shee Kupi akafuta mafuta ya taa mikononi,
akasoma kimya, akasoma kwa sauti,
akafika kwa Mwana Esha, akakwama.
"Huyu ni nyanya yake mamangu," akasema.
Kidole kikaufuata ule mstari, polepole, mpaka mwisho wake.
"Na huu..."
Mtoto akaingia, ataka sukari ya shilingi ishirini.

Ningeuliza. Yeye angeuliza,
angevuta gunia akaketi mpaka magharibi.
Mimi nikaomba mkate tu,
nikapekua mifuko, sina chenji.
"Utalipa kesho," akasema Shee Kupi,
akafungua daftari lake, hili la leo, lenye jalada la buluu.
Akaandika jina langu, la baba, la babu. Akaandika tarehe.
Akataka kulifunga,
akaitazama saa ya ukutani,
akaongeza na dakika.