Hima

Rasimu ya kifungu cha nne ilinifikia Jumatatu,
wino umevuja, na duara la kikombe cha chai
limekaa juu ya neno msitu
kana kwamba ndiyo ramani yenyewe.

Mimi ni mpiga chapa, ofisi ya ardhi, Salala.
Kiarabu nimekisomea ukubwani;
Kiswahili nilikuja nacho kutoka Unguja,
mkoba mmoja na vyeti vya chanjo.
Ndiyo maana neno hima likanikwamisha.

Kwetu hima ni haraka: mama mlangoni,
kengele ya skuli imeshalia, hima we, hima!
Huku hima ni malisho yaliyofungwa,
bonde linaloachwa lipumue
mpaka majani yamfike ngamia magotini.
Moja linakimbiza, moja linazuia.
Vidole havikujua vifuate lipi.

Marufuku kukata, kuchoma, kulisha mifugo.
Ardhi hii ni mali ya umma.

Tuful binti Mhad alishuka mlimani,
manyunyu ya harifu hayajamkauka kwenye shela,
akataka asomewe. Nikamsomea.
Akauliza: Huyo Umma ni mwana wa nani?
Ana ngamia wangapi?
Usiku wa mvua amelala pango lipi?

Nikamwambia: Umma ni wewe.
Basi mbona ninayekatazwa ni mimi?

Wala hakuwa akiipinga sheria. Yeye ndiye
aliyekuja mwaka jana kushitaki malori ya makaa,
na kipande cha gome la mkuyu mkononi,
mkuyu wa kisimani, uliobaki kisiki.
Yafungieni hayo, akasema. Yafungieni leo.
Kisha akaondoka, hakungoja kahawa.

Kutoka chumba cha pili mkurugenzi, mzaliwa wa Wete,
akapiga ukelele: Hima, Rayya!
Ndege ya Maskati saa sita!

Nikachukua kichupa cha dawa ya kufutia,
nikapaka juu ya kulisha mifugo,
nikapuliza. Ikakauka nyeupe
kama mlima mwezi wa Agosti.
Sikuandika kitu juu yake.
Lilibaki pengo, upana wa ngamia mmoja.

Mkurugenzi alitia sahihi bila kusoma.
Au alisoma:
miwani yake ilikaa pale muda mrefu,
kisha akaweka kikombe juu ya karatasi,
palepale.